Tezi na Omo, Marejeo Ngamani: Kisa cha Skrini Kubwa Kwenye Boti Ndogo ya Uvuvi

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe kama fundi wa umeme wa boti. Mwenye boti amekubali kiandikwe ili wengine wajifunze. Jina lake, jina la boti, bandari na chapa za vifaa nimeviondoa.

Usuli

Boti ni ya faiba, urefu wake mita 6.4, usukani uko katikati, na nyuma inaning'inia mashine moja ya nguvu za farasi 115. Mwenyewe ni mzee mstaafu anayevua kwa kujifurahisha siku za mapumziko, mara nyingi akiwa na wenzake wawili. Uvuvi wao ni wa namna mbili. Alfajiri hukokota chambo kwa mwendo wa noti 6 hadi 8 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) kando ya ukingo wa mwamba. Jua likishapanda hushusha mishipi ya chini: penye mita 30 au 40 hutia nanga, na wakitaka samaki wa kina huiacha boti ielee na mkondo penye mita 80 hadi 120.

Maelezo hayo mafupi yanatosha kumchagulia mtu vifaa. Kina cha mita 120 kinakuambia upeleke chini sauti ya namna gani. Kukaa kwenye nanga kwa muda wa saa tano mashine ikiwa imezimwa kunakuambia ufunge betri ya namna gani. Boti isiyo na paa inakuambia maji ya chumvi yatafika wapi. Hakuna aliyeuliza lolote kati ya hayo kabla ya kununua.

Hapo mwanzo boti ilikuwa na kipima kina cha zamani cha kuonyesha tarakimu tu, na redio ya mkononi ya wati 5. Mzee alikuwa amechoka kuvua kwa kukisia, na hilo namwelewa kabisa.

Ununuzi na ufungaji wa kwanza

Alianza na skrini. Alinunua ya inchi 12, yenye ramani ya bahari na kitafuta samaki kwa pamoja, na ndani ya boksi mlikuwa na transdusa yake. Transdusa ndiyo inayokaa kwenye maji: inapiga sauti kwenda chini, kisha inasikiliza mwangwi ukirudi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya kama mita 1,500 kwa sekunde, na skrini hupata kina kwa kuhesabu muda ambao mwangwi umechukua. Skrini yenyewe haioni kitu. Inachora tu kile ilicholetewa.

Transdusa ile ilikuwa ya 455 na 800 kHz. Masafa ya juu namna hiyo huchora sakafu ya bahari kwa unadhifu wa ajabu, hata jiwe na kivuli chake utaviona, lakini maji ya chumvi huyameza upesi. Inafaa sana ziwani au kwenye kina kifupi. Anayevua mita 100 anahitaji sauti nzito ya 50 kHz au karibu na hapo, inayofika mbali, akiongeza 200 kHz kwa maji ya kati.

Mzee alinunua pia redio ya VHF ya wati 25 yenye kitufe chekundu cha dharura, antena ya mita 2.4, na seti ya muziki. Alivifunga mwenyewe kwa siku mbili, akisaidiwa na rafiki yake anayejua umeme wa nyumba. Rafiki huyo alifanya kazi safi kwa kadiri ya anachokijua. Tatizo ni kwamba kwenye nyumba ya volti 230, ukipoteza volti 1 njiani hakuna atakayejua. Kwenye boti ya volti 12, hiyo volti 1 ni asilimia 8 ya umeme wote ulio nao.

Walitumia waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa kufungia taa za nyumbani, wakauvuta mita 5 kutoka kwenye betri iliyo tezi, yaani nyuma ya boti, hadi kwenye usukani. Betri ilikuwa hiyo hiyo moja ya kuwashia mashine. Viungo vilisokotwa kwa mkono na kuvikwa tepu. Karibu na betri hapakuwa na fyuzi. Transdusa waliifunga kwa skrubu kwenye ubao wa nyuma, upande wa kushoto, sentimita 15 kutoka kwenye propela, nyuma kabisa ya tuta mojawapo kati ya yale marefu yaliyo chini ya tumbo la boti.

Bandarini, penye mita 6 za maji, picha ilikuwa ya kupendeza.

Siku ya tukio

Dalili zilianza safari ya kwanza. Kila mashine ilipowashwa, skrini ilijizima na kuwaka upya. Boti ikipita noti 9, sakafu ya bahari ilipotea na kubaki mvua ya nukta. Ikipita mita 45, hata boti ikiwa imesimama, hapakuwa na picha. Mzee na wenzake wakayachukulia haya kuwa tabia ya kifaa, kitu cha kuzoea. Hapo ndipo huwa nasikitika zaidi, kwa sababu dalili hizo tatu zilikuwa zinasema mambo matatu tofauti, na kila moja ingeweza kutibiwa peke yake mapema.

Siku yenyewe walitia nanga asubuhi penye mita 35. Mashine ikazimwa. Skrini ilibaki inawaka, ikila kama ampia 3.5. Pampu ya tangi la chambo hai ilikula nyingine 3.5, muziki 2, na redio ikiwa inasikiliza tu ilikula nusu ampia. Jumla ni ampia 9.5. Kwa muda wa saa tano hizo ni ampia-saa 47.5, zote zikitoka kwenye betri ya ampia-saa 70 ambayo kazi yake ni kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache, kisha ichajiwe mara moja.

Mchana upepo ukaanza kupanda. Wakavuta nanga, Mzee akageuza ufunguo, mashine ikatoa mlio mmoja mkavu. Akajaribu tena, kimya. Boti ikaanza kuelekea kwenye mwamba, taratibu lakini bila kusita. Walishusha nanga upya na kwa bahati ikashika.

Mzee akashika redio kubwa. Ilikuwa inawaka na inasikika vizuri. Alipobonyeza kitufe cha kusema, ikazima. Akaachia, ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Kwa maelezo yake, hapo ndipo alipoogopa kweli.

Kitufe chekundu nacho alikijaribu. Kingefaa kutuma wito kwenye chaneli 70 pamoja na mahali boti ilipo, lakini redio haikuwa imeingizwa namba ya MMSI, ile ya tarakimu 9 inayoitambulisha boti, wala haikuwa imeunganishwa na GPS. Bila namba hiyo wito hautoki.

Aliyewaokoa ni mwenzake mmoja aliyekumbuka redio ya mkononi ya zamani kwenye sanduku la omo, yaani la mbele ya boti. Ilikuwa na chaji. Walipiga wito kwenye chaneli 16, boti nyingine ya uvuvi iliyokuwa kama kilomita 3 ikawasikia, ikaja, ikawaazima betri. Hakuna aliyeumia.

Nilichokikuta

Aliponiita alitaka kitu kimoja: nimwongezee antena kubwa, kwa kuwa "redio haina nguvu." Alikuwa pia anafikiria kununua rada. Nikamwambia, "Mzee, tuvipime kwanza hivi ulivyo navyo. Boti itatuambia yenyewe."

Tulianza na redio. Betri ilikuwa imechajiwa usiku kucha. Niliweka mita kwenye vichwa vya betri: volti 12.5. Nikaihamishia kwenye waya unaoingia redioni, redio ikiwa inasikiliza: 12.4. Kisha Mzee akaita kituo kimoja cha nchi kavu kwenye chaneli ya kazi, kwa wati 25, mimi macho kwenye mita. Alipobonyeza, 12.4 ikaporomoka hadi 11.2. Alipoachia ikapanda. Nilimwomba abadilishe nafasi na mimi ili aione kwa macho yake, kwa sababu maneno ya fundi ni rahisi kuyapinga na tarakimu inayoanguka mbele yako si rahisi.

Hesabu yake ni hii. Redio ya wati 25 ikisema hula kama ampia 6. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.12. Zidisha kwa ampia 6, unapata volti 0.7 zilizopotea kwenye waya peke yake. Tulipoteza 1.3. Kwa hiyo zilibaki volti 0.6 ambazo waya hauzielezi, nami nikafuata njia nzima kwa mkono, kiungo kwa kiungo, nikipima. Nilizipata kwenye kiungo kimoja kilicholala chini kabisa, karibu na maji ya ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika. Nilipobandua tepu, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nyuzi nne au tano tu ndizo zilizokuwa bado zinashika.

Redio nyingi hutengenezwa kwa volti 13.8, na huvumilia kushuka kwa asilimia 15, yaani hadi kama 11.7. Siku ya tukio betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo kila alipobonyeza, umeme uliofika redioni ulikuwa chini mno. Antena kubwa isingesaidia chochote. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na siku ile nilikuwa nimeinamia ngama kwelikweli, tochi mdomoni.

Kisha tukaenda baharini kuangalia transdusa. Nilikaa tezi huku Mzee akiongeza mwendo kidogo kidogo. Kwenye noti 9 niliona kamba nyeupe ya mapovu ikitoka kwenye lile tuta na kupita moja kwa moja juu ya uso wa transdusa. Hewa huzuia sauti hiyo kama ukuta. Kifaa kilikuwa kizima, kimewekwa tu mahali ambapo maji hayafiki yakiwa safi.

Maamuzi, na sababu zake

Rada tuliikataa upesi. Wanavua mchana, boti ni ndogo, na uzito wa juu unaiyumbisha. Kwa ajili ya kuona meli tulichagua redio nyingine yenye GPS ndani yake na kipokezi cha AIS, mfumo ambao meli hutangaza mahali zilipo kwa redio, ili zile meli zinazojitangaza zionekane kwenye ramani.

Skrini tulibishana. Mimi nilishauri aibadilishe kwa ya inchi 9, itumie umeme kidogo na abaki na nafasi ya kuona mbele. Mzee akakataa: "Fundi, macho yangu si ya ujana. Nikigawa skrini mara mbili nataka nisome pande zote bila miwani." Tukaibakisha.

Uamuzi mkubwa ulikuwa wa transdusa, na huu naueleza kwa kirefu. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuirudisha kwenye ubao wa nyuma, mahali bora zaidi. Ya pili ni kutoboa tumbo la boti na kuipitisha. Hiyo ndiyo inayosoma vizuri kuliko zote, lakini boti hii hupandishwa kwenye trela kila safari na kitu kinachochomoza chini kingevunjika. Ya tatu ni kuiweka ndani ya boti, ipige sauti kupitia faiba yenyewe. Njia ya tatu haitaki tundu, haioti magugu wala chaza, na mahali pa ndani karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), maji ya nje huwa safi hata boti ikikimbia. Gharama yake ni kwamba sehemu ya sauti hupotea kwenye faiba, joto la maji halisomeki, na inafanya kazi tu pale faiba ilipojaa. Penye povu gumu katikati ya matabaka mawili, sauti hufia humo.

Hatukukisia. Nilitumia mfuko wa plastiki mzito: niliujaza maji, nikaitumbukiza transdusa ya kuazima ya wati 600, ya 50 na 200 kHz, nikafunga mdomo wa mfuko kwenye kebo. Sakafu ya ngama niliimwagia maji kidogo, nikaubana mfuko juu yake kwa mkono. Tukaelea penye mita 60. Mahali pa kwanza, mbele kidogo ya usukani, hapakusomeka kitu. Nilipogongagonga kwa mpini wa bisibisi, sauti ilikuwa butu, kama kugonga boksi: kuna povu. Nikarudi nyuma kama mita 1, karibu na mkuku. Mlio ukawa mkali na mfupi. Nikabana mfuko. Skrini ikasita sekunde mbili, halafu sakafu ikatokea, mstari mwekundu mnene penye 61, na juu yake viupinde vya samaki. Wote watatu walinyamaza wakitazama. Tukaenda hadi mita 110, bado ikasoma. Tukaongeza mwendo hadi noti 18, bado ikasoma. Nikaweka alama kwa kalamu.

Tumbo la boti lina mteremko, na sauti inatakiwa ishuke wima. Kwa hiyo tulinunua transdusa ya aina inayokaa kwenye kikombe cha plastiki: kikombe hugundishwa kwenye faiba, hujazwa kimiminika kisicho na sumu, na kichwa huzungushwa hadi kielekee chini sawasawa.

Umeme haukuwa na mjadala: betri ya pili ya ampia-saa 100, ya aina inayovumilia kutolewa polepole, kwa ajili ya vifaa peke yake. Ile ya zamani ibaki ya mashine tu.

Kufunga

Betri ya pili haikukaa tezi. Uzito wa kilo 25 na ushei nyuma ya boti ndogo hushusha tezi hadi maji yakaingia kwenye matundu ya kutolea maji ya sitaha. Tuliiweka chini ya kiti cha usukani, na faida ya ziada ikawa kwamba waya hadi kwenye boksi la fyuzi ulifupika kuwa mita 1.5. Tuliweka waya wa milimita 10 za mraba, wa shaba iliyopakwa bati ili chumvi isiule.

Kati ya betri mbili tulifunga swichi ya kujiendesha, inayoziunganisha mashine ikichaji volti zikifika kama 13.3 na kuzitenganisha zikishuka hadi kama 12.8. Waya unaozishikanisha una betri kila upande, kwa hiyo unahitaji fyuzi pande zote mbili, kila moja ikiwa ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri yake. Wengi huweka moja. Waya huo ukikwaruzika katikati, upande usio na fyuzi ndio utakaowasha moto.

Pampu ya ngama tuliipa njia yake ya moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, bila kupita kwenye swichi kuu. Boti ikiachwa peke yake, pampu lazima iweze kufanya kazi. Viungo vyote vilibanwa kwa koleo maalumu, vikavikwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto.

Skrini, redio na mashine tuliviunganisha kwa mtandao wa NMEA 2000, ule wa vifaa vya boti kupeana taarifa. Mwanzoni taarifa zilikuja na kukatika. Nikazima umeme, nikapima kati ya nyaya mbili za data: omu 120. Mtandao huo hutaka kizuizi cha omu 120 katika kila ncha, na viwili vikiwepo mita husoma 60. Kimoja hakikuwa kimeingia vizuri. Nilipokisukuma, ikasoma 60 na kila kitu kikatulia.

Namba ya MMSI Mzee aliisajili kwanza kwa mamlaka husika, kisha tukaiingiza tukiwa wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Redio nyingi hufunga namba hiyo baada ya kuingizwa mara moja au mbili.

Matokeo baada ya msimu mmoja

Kina kirefu zaidi walichosoma ni mita 130. Bahari ikiwa shwari picha haipotei hata kwa noti 22. Redio ikisema kwa wati 25, betri ikiwa 12.6 redioni inafika 12.4. Mashine haijakataa kuwaka hata mara moja, na skrini haijizimi tena.

Wamezungumza na kituo cha nchi kavu kilicho kilomita 25. Umbali wa VHF hutegemea zaidi kimo cha antena kuliko wati: chukua mzizi wa mraba wa kimo kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita za upande mmoja, kisha unajumlisha na za upande wa pili. Ncha ya antena yao iko mita 3.5 juu ya maji, kwa hiyo na boti iliyo kama yao wanafikia kama kilomita 15. Kituo chenye mlingoti mrefu ndicho kinachoongeza.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa kuliko vyote ni kupima kabla ya kununua. Mfuko wa maji na mita ya mkononi vilimzuia Mzee asinunue rada na antena ambazo zisingetibu ugonjwa wake hata mmoja.

Upande wa makosa yangu, la kwanza lilikuwa la gundi. Nilichanganya epoksi nyingi mchana wa jua kali, ikaanza kuchemka na kukaza kabla sijakibana kikombe sawasawa. Mapovu yakabaki chini yake. Boti ilipoingia majini, mita 110 tuliyoisoma kwa mfuko ikawa 50. Nilikiondoa kikombe, nikasaga upya, nikarudia alfajiri kwa epoksi kidogo, nikikizungusha taratibu hadi hewa ikatoka pembeni. Siku nzima ya kazi ilipotea, na ni mapovu yale yale niliyokuwa nimemwonyesha Mzee kule tezi.

La pili lilikuwa hatari zaidi. Spika ya redio niliifunga sentimita 25 kutoka kwenye dira. Spika ina sumaku. Mzee ndiye aliyegundua, akitoka bandarini kwa uelekeo anaoujua miaka mingi: dira ilikuwa imehama nyuzi 12. Tuliisogeza hadi dira ikarudi mahali pake. Sasa kabla ya kutoboa tundu lolote, nakishika kifaa mkononi mahali kitakapokaa, kikiwa kinawaka, huku mwenzangu akiitazama dira.

Kuna jambo moja sikulitarajia kabisa. Usiku wa kwanza walipowasha taa mpya za LED za sitaha, redio ilianza kukoroma. Taa za aina hiyo zikiwa na saketi duni hutoa kelele kwenye masafa ya VHF. Walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hilo mwaka 2018. Kupima ni rahisi: zima taa, chagua chaneli tulivu, punguza kizuia-kelele hadi usikie mvumo, kisha kiongeze hadi unyamaze kwa shida. Washa taa. Mvumo ukirudi, taa ndizo zinazoziba masikio ya redio. Tulibadilisha taa mbili kati ya nne.

Kuhusu skrini, Mzee alikuwa sahihi na mimi sikuwa. Ukubwa ule unamfaa kila siku. Tulichofanya ni kuishusha kidogo kwenye ubao wa usukani ili aone mbele. Nilikuwa nimepima umeme na nafasi, sikumpima mtumiaji.

Betri ndiyo bado inanisumbua. Baada ya saa tano za nanga hubaki na volti 12.2 ikiwa imetulia, yaani karibu nusu. Leo inatosha kwa sababu ni mpya. Baada ya misimu miwili au mitatu haitatosha, isipokuwa muziki uzimwe au pampu ya chambo ifungwe saa ya kuipa mapumziko. Nilipaswa kupendekeza kubwa zaidi tangu mwanzo, na nimemweleza hivyo.

Bahari ikichafuka, juu ya noti 20 picha bado hukatika, kwa kuwa tumbo la boti linaruka juu ya maji. Hilo halina dawa kwenye boti ya urefu huu.

Ile redio ya mkononi ya zamani haikai tena kwenye sanduku la omo. Inaning'inia kwenye msumari kando ya usukani, imefungwa kamba. Kabla ya kulegeza kamba za gati, Mzee huigusa, huitazama taa yake ya chaji, kisha huangalia tarakimu za betri mbili kwenye pembe ya skrini, mashine ikiwa bado kimya. Ya mashine ikiwa chini ya 12.5, anarudi nyumbani kuichaji.